Uzalendo Hauyeyushi Kidonge

"Hizi za wapi?"

Nyuma ya kaunta ya famasi hakuna swali ninaloulizwa zaidi ya hilo. Mteja anaigeuza pakiti, anaisogeza kwenye mwanga, anatafuta maandishi madogo ya pembeni. Akikuta imeandikwa Tanzania, anairudisha juu ya kioo kwa adabu. "Huna za nje?" Mzee mmoja wa Nansio, enzi zile nafanya kazi kisiwani Ukerewe, alinifafanulia bila kuona haya: "Mwanangu, za hapa zinatuliza tu. Za nje ndizo zinatibu." Tulikuwa tunazungumzia parasetamoli ya miligramu 500, ambayo popote pale inapotengenezwa kazi yake ni hiyohiyo ya kutuliza.

Sikumcheka. Swali lake lina uzito kuliko mengi niliyoulizwa kwenye mitihani. Mtu anameza kitu asichoweza kukipima kwa macho, kwa harufu wala kwa ulimi, akitegemea kwamba mahali fulani wapo watu waliofanya kazi yao sawasawa. Anataka kujua watu hao ni akina nani. Mimi niliwaona nikiwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa famasia pale chuoni Bugando, Mwanza, siku tulipopelekwa kutembelea kiwanda cha vidonge, na mpaka leo mteja akiniuliza ninajibu kwa niliyoyaona siku ile.

Jina la kiwanda naliacha. Nilichotoka nacho ni daftari la mwanafunzi, si ripoti ya mkaguzi, na si haki kumsifu wala kumlaumu mtu kwa daftari la mwanafunzi. Safari yenyewe haina hadithi: basi la kukodi, nyimbo, mihogo ya kukaanga njiani. Mwalimu alikuwa ametuonya tangu juzi yake kwamba asije mtu na marashi, pete, kucha za rangi wala kope za bandia. Tulidhani ni ukali wa kizazi chake. Tulipofika chumba cha kubadilishia nguo ndipo tukaelewa.

Chumba kile kimekatwa katikati na benchi refu la chuma. Upande huu ni dunia ya kawaida, vumbi na matope ya Mwanza. Unakaa, unavua kiatu, unavaa cha kiwandani mguu ukiwa hewani, kisha unauvusha ng'ambo ya benchi bila kugusa sakafu ya huku. Halafu mguu wa pili. Wenzangu waliosuka rasta nene walihangaika na zile kofia mpaka wakacheka wenyewe. Mwenyeji wetu, mama mfamasia aliyekuwa mkuu wa ubora, alitusubiri ng'ambo ya pili amekunja mikono. "Karibuni wanangu," akasema. "Humu ndani tunachuja hewa, tunachuja maji, tunafuta kuta. Uchafu unaobaki ni nyinyi na mimi. Ngozi, nywele, pumzi. Kwa hiyo tembeeni polepole, msiguse kitu."

Akatuanzishia stoo. Nilitegemea mashine, nikakutana na mapipa ya plastiki yenye lebo za rangi. Njano ni karantini: mzigo umefika lakini haujapimwa. Kijani, umepimwa na kupita. Nyekundu, umekataliwa: huo una chumba chake chenye wavu na kufuli, na ufunguo wake haukai stoo bali kwa huyo mama. Viambato hai vilikuwa vimetoka India na China, vikashushwa bandari ya Dar es Salaam, vikapanda lori kuja Kanda ya Ziwa, kila pipa na cheti chake. Mwenzangu mmoja akauliza kwa nini wanapima tena kitu ambacho mtengenezaji ameshakipima na kukitolea cheti. Mama akamjibu kwa habari ya mwaka 1937.

Mwaka huo kampuni ya S.E. Massengill ya kule Tennessee, Marekani, ilitaka kuuza salfanilamaidi ya maji kwa wasiopenda vidonge. Mkemia wao akatafuta kimiminika cha kuiyeyushia akakipata: dietilini glaikoli, yenye ladha tamu. Walijaribu ladha, rangi na harufu. Sumu hawakujaribu, na sheria ya wakati ule haikuwalazimisha. Wakafa watu zaidi ya 100, wakiwemo watoto. Mwaka uliofuata Marekani ikapitisha sheria ya kudai dawa ithibitishwe usalama wake kabla ya kuuzwa. Darasani habari hii tuliisoma kama historia. Lakini mwaka 2022, nikiwa kazini tayari, kule Gambia walikufa watoto wapatao 70 kwa figo kushindwa kufanya kazi, na dawa za kikohozi zilizoagizwa kutoka nje zikakutwa na dietilini glaikoli ileile. Miaka 85 imepita, na kosa limebaki pipani. Siku habari hiyo ilipotangazwa nilimkumbuka mama yule na wavu wake. Nikawakumbuka pia wateja wangu wanaotaka "za nje", maana dawa za Gambia zilikuwa za nje.

Maji ndiyo yaliyonishangaza zaidi. Sisi watu wa Mwanza tumezaliwa tukitazama maji; bomba la mjini linavuta ziwani, pale Capri Point, yanasafishwa, yanatiwa klorini, tunakunywa. Mimi nilidhani hayo yanatosha. Kumbe kwa kiwanda maji ya bomba ni malighafi ghafi tu. Yanapita kwenye mchanga, kwenye mkaa, kwenye resini ya kuondoa chumvi, kisha yanasukumwa kwa nguvu kwenye utando mwembamba usiopitisha madini, halafu yanamulikwa kwa mwanga wa kuua vijidudu. Yakishasafishwa hayaruhusiwi kutulia. Yanazungushwa kwenye mabomba ya chuma usiku na mchana, kwa sababu maji yakisimama yanaota utando wa bakteria. Fundi alitufungulia bomba la kuchukulia sampuli, akatuonyesha kipimo cha uwezo wa maji kupitisha umeme: namba ikipanda, kuna chumvi imepenya. Kando ya bomba palining'inia ubao wenye karatasi ya saa, namba na saini. Yote haya ni maji ambayo kwenye kidonge hayabaki, yanaondoka chembechembe zinapokaushwa.

Sasa nije kwenye lile ninalolikumbuka kila nikiingia kazini.

Vidonge vingi haviwezi kufyatuliwa kutoka kwenye unga mkavu. Unga unachanganywa na gundi ya wanga au povidoni, unakuwa kama ugali wa chenga, unakaushwa, unachekechwa, unatiwa kilainishi kidogo ili usinate kwenye chuma, ndipo unapelekwa kwenye mashine ya kufyatulia. Mashine ile inazunguka, chuma cha juu na cha chini vinakutana kwenye tundu, kidonge kinaruka nje. Kelele zake zinakufanya uzungumze kwa ishara. Aliyekuwa anaiendesha ni dada wa rika letu, pengine mdogo kwetu. Kila baada ya muda aliokota vidonge 20 kutoka kwenye mfereji, akavipima kimoja kimoja kwenye mizani, akaandika. Famakopia, kitabu cha viwango vya dawa, inasema kwa kidonge cha uzito kama wa kile, visizidi viwili vinavyopishana na wastani kwa zaidi ya asilimia 5, na kisiwepo hata kimoja kinachopishana kwa zaidi ya asilimia 10. Kiwanda kilikuwa kimejiwekea mipaka mikali zaidi ya hiyo.

Tulikuwa tumemzunguka, mwalimu wetu mbele, mkuu wa uzalishaji akieleza kwa fahari mashine inatoa vidonge vingapi kwa saa. Yule dada akapima, akaandika, akapima tena. Akachukua kidonge kimoja akakiinua usawa wa taa akakitazama upande wenye herufi. Kisha akanyoosha mkono akabonyeza kitufe chekundu. Mashine ikanyamaza.

"Vipi tena?" akauliza mkuu wa uzalishaji.

"Vinanata, bosi."

Akatupitishia kile kidonge kwenye kisahani. Herufi ilikuwa imelika upande mmoja, kipande cha unene wa unywele kimebaki kwenye chuma. Mimi ningekimeza bila kukiona. Mwalimu wetu, mtu mzima mwenye heshima zake, alijaribu kuokoa hali. "Binti, si ungesubiri tu wageni tupite?"

"Samahani mwalimu," akasema, mkono wake umeshaanza kuandika saa ya kusimamisha, "vidonge havijui kama kuna wageni."

Hakuna aliyecheka. Mkuu wa uzalishaji alimeza mate, akamwita mama wa ubora. Vidonge vyote vilivyotoka tangu kipimo cha mwisho kilichokuwa safi vikamiminwa kwenye chombo cha pekee, kikabandikwa lebo. Wakaanza kutafuta chanzo. Ulikuwa msimu wa mvua, na hewa ya ziwani wakati huo unaweza kuikamua. Chembechembe zilikuwa zimevuta unyevu kuzidi kidogo unavyotakiwa, ama kwenye kukaushwa hazikufika mwisho, ama zilikaa nje zikingoja. Hilo wangelijua kwa kupima unyevu wake na kusoma rekodi ya mashine ya kukaushia. Sisi tukaambiwa tuendelee na ziara.

Nimeshafanya kazi na watu wengi tangu siku ile, na naweza kusema kwamba ujuzi wa kemia tunao. Kinachotushinda ni kile kitufe. Sisi tumelelewa kumwonyesha mgeni sebule. Mkubwa akiwepo, kasoro inafunikwa mpaka aondoke, na anayeifunua mbele yake anaitwa asiye na adabu. Yule dada, mwenye mshahara mdogo kuliko wote waliosimama pale, alimwaibisha bosi wake mbele ya wageni na hakuonekana kuogopa. Nilimuuliza mama wa ubora kwenye korido kama yule dada hatapata shida. Akanitazama kwa mshangao. "Angeacha kuizima ndipo angepata shida." Akanieleza kwamba idara yake haiko chini ya uzalishaji. Mkuu wa uzalishaji hawezi kuipeleka sokoni bechi ambayo yeye mama hajaisaini, hata mteja awe analia getini. Huo ndio muundo unaotakiwa na kanuni za uzalishaji bora wa dawa duniani kote. Lakini muundo kwenye karatasi ni kitu kimoja, na binti wa miaka 20 na ushee kujua kuwa utamlinda ni kitu kingine.

Maabara yao ilikuwa ndogo kuliko ya chuo, na safi kuliko ya chuo. Hapo ndipo niliposahihishwa imani moja ya mtaani, ya kutumbukiza kidonge kwenye glasi ya maji ili kuona kama ni kizima. Glasi inakuambia kinavunjika. Kidonge cha kawaida kisichopakwa ganda kinatakiwa kivunjike ndani ya dakika 15 kwenye maji ya nyuzi 37, sawa. Lakini kuvunjika si kuyeyuka. Mchanga nao unatawanyika kwenye maji. Kwa hiyo kuna mashine nyingine yenye vyombo sita vya kioo, pangaboi ndogo inazunguka ndani ya kila kimoja, kidonge kinadondoshwa, na baada ya muda uliopangwa maji yanachukuliwa kupimwa ni kiasi gani cha dawa kimeingia humo. Parasetamoli, kwa famakopia ya Marekani, asilimia 80 iwe imeyeyuka ndani ya dakika 30. Mkemia kijana aliyetuonyesha alikuwa mtu wa utani. Rafiki yangu mmoja, mpenda nchi kupindukia, alikuwa ameanza hotuba kwamba Mtanzania ana wajibu wa kutumia dawa za kwao. Kijana akamkata: "Uzalendo hauyeyushi kidonge, kaka. Tupe dakika 30 kwanza."

Nilikubaliana naye siku hiyo na ninakubaliana naye leo. Wanaosema za hapa ni mbovu na wanaosema tununue za hapa kwa kuwa ni zetu wanafanana kwa jambo moja: wote wanasoma jina la nchi, hawasomi kingine. Mwaka 2012, katika hospitali ya wilaya ya Tarime, hapa hapa Kanda ya Ziwa, wakaguzi wa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa ya wakati ule, waligundua dawa bandia za kupunguza makali ya VVU zenye lebo ya kiwanda cha ndani ya nchi. Wapo wagonjwa waliokuwa wakizimeza wakiamini wanalinda maisha yao. Hapo neno Tanzania juu ya kopo halikumsaidia mtu. Kilichosaidia ni mkaguzi aliyefungua kopo, na namba ya toleo iliyowezesha kujua ni makopo yapi ya kuyaondoa na yamefika wapi. Mamlaka hiyo iliundwa mwaka 2003, mwaka 2019 ikawa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani liliitambua Tanzania kuwa nchi ya kwanza Afrika kufikia ngazi ya tatu ya udhibiti wa dawa. Ni heshima kubwa, na sioni vibaya kuitaja. Ila heshima hiyo inafanywa upya kila siku na mtu anayefungua kopo.

Tukirudi kwenye mizani ya yule dada, asilimia 5 ya uzito inaweza kuonekana ni ubahili wa wakemia. Mtu wa ukanda huu wa malaria asiione hivyo. Klorokwini tuliiacha mwaka 2001 kwa sababu vimelea viliizoea. Tukaenda kwenye SP (salfadoksini na pirimethamini), nayo mwaka 2006 ikaachia nafasi dawa ya mseto. Sababu za usugu ni nyingi, lakini mojawapo ni dozi pungufu: kidonge kilichopungukiwa, au kisichoyeyuka, hakimuui mdudu, kinamfundisha. Kwa hiyo dada anayepima vidonge 20 hampimii mgonjwa mmoja.

Chumba cha mwisho kilikuwa cha rafu tu, na wenzangu wengi walikipita wakiwaza chakula. Mimi kilinikamata. Kila toleo linalotoka linaacha pakiti zake humo, kwenye vifungashio vilevile vya sokoni, na zinatunzwa mpaka mwaka mmoja baada ya kuisha muda wake. Mgonjwa wa Ukerewe akilalamika, wanaitoa ya rafuni wanaipima. Ikiwa nzima, basi kilichoharibika kiliharibikia njiani au dukani. Pembeni yake ni makabati ya majalada: nani alipima, nani alihakiki, mashine ilisafishwa saa ngapi, lebo ngapi zilichapwa, ngapi zilibandikwa, ngapi zilichanwa. Hesabu ya lebo isipolingana, bechi haitoki, kwa sababu lebo moja iliyopotea inaweza kuwa juu ya dawa nyingine.

Gharama za haya yote hazionekani kwenye pakiti. Kiwanda cha ndani kinaagiza viambato kwa dola, kinasubiri bandarini, kinalipia lori, na umeme ukikatika katikati ya kukausha, bechi nzima inabidi ichunguzwe upya. Halafu kinashindana kwa bei na viwanda vya India vinavyotengeneza kwa wingi usiomithilika. Ndiyo maana historia ya viwanda hivi kwetu ni ya kupanda na kushuka: Mansoor Daya alianza Dar es Salaam mwaka 1962, Keko ya serikali ikafuata mwaka 1968, vingine vikazaliwa, vingine vikafa soko lilipofunguliwa. Mwanza nayo ikapata Prince Pharmaceutical. Ng'ambo ya ziwa letu, kule Luzira, Kampala, Quality Chemicals kwa kushirikiana na Cipla ya India walifungua kiwanda mwaka 2007 kutengeneza dawa za VVU na za malaria.

Ninayo sababu yangu ya kutamani viwanda hivi vikue, nayo si bendera. Mtoto wa pwani ya ziwa anapata kichocho akicheza majini kabla hajafikia umri wa shule. Dawa yake, prazikwanteli, ilibuniwa Ujerumani miaka ya 1970: kidonge kikubwa, kichungu, cha mtu mzima. Kwa miongo kadhaa watoto wadogo waliachwa nje ya ugawaji, au walisagiwa kidonge wakakitema. Toleo la watoto wadogo lilipata idhini ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2024. Ingechukua muda wote huo kama wenye viwanda wangekuwa na watoto wanaoogelea Nansio? Nauliza tu.

Baada ya chuo nilipangwa Ukerewe, na huko ndiko nilikojua kwamba ziara ile ilituonyesha nusu ya safari ya kidonge. Kiwandani hewa inapimwa kila saa. Kidonge kikishatoka getini kinakutana na sisi. Mzigo wa kwenda visiwani unapanda chombo cha majini, unapangwa palipo na nafasi, na nafasi mara nyingi ni sitahani, juani, pembeni ya magodoro na kreti za soda. Boksi limeandikwa litunzwe chini ya nyuzi 30. Ukiligusa likifika gatini unajua jua lilikuwa kali kiasi gani.

Safari moja mzigo ulifika umelowa. Mawimbi yalikuwa yamepiga, katoni za chini zikanywa maji, zikakaukia juani kabla hazijashushwa, kiasi kwamba kwa nje zilikuwa zimejikunja tu. Ndani yake mlikuwa na makopo ya amoksisilini ya kapsuli. Vidonge vingine vya kwenye blista vilikuwa salama, hivyo havikunisumbua. Lakini mojawapo ya makopo yale nilipolifungua, kapsuli zilitoka zimeshikana, zimelainika. Ganda lake ni jelatini, na jelatini inakunywa unyevu.

"Si zimeshakauka, dada?" akasema mhudumu tuliyekuwa tunapokea naye, mtu mwema na mchapakazi. "Tuzitenganishe tu. Watu wanasubiri."

Na kweli walikuwa wanasubiri. Dirishani palikuwa na mama mwenye mtoto anayepumua kwa shida, na stoo haikuwa na amoksisilini nyingine. Hapa ndipo kiwanda kinapokuwa rahisi kuliko kisiwa. Yule dada alipobonyeza kitufe, hasara ilikuwa ya fedha na ya muda. Mimi nikikataa, hasara ni dozi ya mtu aliyesimama mbele yangu, na meli nyingine ni kesho. Kitabu changu cha famasia hakikuwa na ukurasa wa hilo. Nilikata kipande cha boksi, nikaandika kwa kalamu nyekundu USITUMIE, nikayafunga makopo yote ya katoni zilizolowa kwenye mfuko mmoja, nikaandika namba za toleo na saa. Kisha nikapiga simu vituo vya jirani mpaka nikapata kimoja chenye akiba ya vidonge vya kuyeyusha vya watoto, pikipiki ikaenda kuvichukua. Mama yule alisubiri mpaka jua lilipokaribia kuzama. Aliniangalia kwa jicho ambalo sitalisimulia hapa, na alikuwa na haki.

Mhudumu mwenzangu hakuzungumza nami siku mbili. Ya tatu akaja na pendekezo lake mwenyewe: tumwombe nahodha mzigo wa dawa upangwe juu ya mbao, chini ya turubai, na yeye awe anaupokea gatini kabla ya kitu kingine chochote. Nahodha alikubali bila maneno mengi. Kumbe hakuna aliyewahi kumwambia.

Mzee wangu wa "za nje" sikuwahi kumbadilisha msimamo wote. Nilichofanya ni kumfundisha kusoma mengine pembeni ya jina la nchi: namba ya toleo, tarehe ya kuisha, kama blista imetoboka, kama vidonge vimebadilika rangi, na akiona kasoro airudishe pakiti yenyewe, asije na maneno matupu. Alikuwa mwanafunzi msumbufu. Aliwahi kunirudishia pakiti ya dawa ya Ulaya, ya bei, kwa sababu vidonge viwili vilikuwa na madoa. Alikuwa sahihi, nikaziandikia ripoti. Baada ya hapo alinunua za Mwanza miezi kadhaa, nadhani kwa hasira tu.

Siku hizi wanafunzi wa famasia wanaokuja kwangu kwa mafunzo ya vitendo huniambia wanapelekwa kiwandani wiki ijayo, wakiuliza waandae maswali gani. Wengi wameshaandika ya mashine: inatoa vingapi kwa saa, imenunuliwa wapi. Nawaambia hayo watajibiwa hata wasipouliza. Waombe kuonyeshwa chumba chenye kufuli cha lebo nyekundu, na waulize mara ya mwisho kimeingia nini, na nani alikikataa. Mwenyeji akisita, waulize tena kwa heshima. Akiwaambia chumba hakijawahi kuingia kitu, waandike hilo pia.